Mama Deki na Posho ya Watoto

Ofisini kwetu tulimwita Mama Deki. Kila asubuhi alipiga deki korido, ngazi na vyumba sita kabla karani wa kwanza hajafungua dirisha. Ungeona haya kukanyaga sakafu yake. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia watoto watatu, naye alijikaza. Sijaona mwanamke mchapakazi kama yule.

Lakini mshahara haukutosha. Akaamua kumpeleka binti yake wa kwanza, mwenye miaka kumi, akaishi kwa mama yake mkubwa, mji wa mbali. Safari ilikuwa Jumamosi.

Jumatano, karani wa posho ya watoto aliwahi kazini. Akamkuta Mama Deki anafuta kioo cha matangazo huku machozi yakimtoka.

"Kulikoni, mama?"

"Vumbi tu, mwanangu."

"Vumbi kwenye korido yako? Limepitia wapi?"

Mama Deki akacheka, kisha akamweleza yote.

"Mbona hujaomba posho ya watoto?" karani akauliza.

"Ile si ya wasio na kazi? Mimi nina kazi. Nikiomba, si nitakuwa mwizi?"

"Nani kakwambia hivyo? Hilo tangazo unalolifuta umelisoma?"

"Miaka minne nalifuta. Sikulisoma. Nilidhani halinihusu."

Karani hakumcheka. Alivuta kiti, akamkalisha.

"Sikiliza, mama. Hii ni haki ya mtoto. Tunaangalia kipato cha nyumba, na watoto wangapi wanakitegemea. Kwa mshahara wako, unastahili. Ila lazima watoto wawe wanaishi nawe. Binti akihama, posho yake huipati."

Mama Deki akashika kichwa. "Natakiwa kuleta nini?"

"Kitambulisho chako, hati ya mshahara na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote."

"Cha mdogo sina. Nina kikaratasi alichopewa hospitali."

"Hicho hakitoshi. Kipeleke kwa msajili wa vizazi, akutolee cheti."

"Na fomu bei gani?"

"Bure. Mtu akikudai hata senti, njoo uniambie."

Siku hiyohiyo, baada ya kazi, Mama Deki alipanga foleni kwa msajili. Alipotoka alimpigia dada yake simu.

"Dada, mtoto haji kwanza."

"Utaweza kweli?"

"Nitajaribu."

Kwa binti alisema tu kwamba safari imeahirishwa. Hakutaka kumpa tumaini la uongo.

Cheti kilichukua wiki mbili. Akajaza fomu, karani akaikagua mstari kwa mstari. Kisha wakasubiri miezi miwili. Walibana matumizi kwelikweli, na Mama Deki hakukosa kazini hata siku moja. Hapo ndipo nilipomvulia kofia.

Posho ikaingia. Mama Deki alilipa kodi ya chumba, akanunua madaftari na viatu vya mdogo. Jioni aliwaita watoto, akawaeleza kwamba fedha hiyo itakuja kila mwezi.

Binti mkubwa akauliza taratibu, "Kwa hiyo mimi naondoka Jumamosi gani?"

Mama yake akamvuta, akamkumbatia. "Huendi popote, mwanangu. Hapa ndipo kwenu."

Binti aliingia chumbani, akafungua begi lake. Miezi yote ile nguo zilikuwa bado zimekunjwa humo. Akazitoa moja moja, akazirudisha kabatini.