Aliyepokea Simu Kabla ya Daktari

Mara ya kwanza Daktari Sorcha hakuogopa, aliudhika tu. Mke wa mfugaji mmoja wa kondoo alimpigia, akasema, "Mambo yangu yote nimeshamweleza yule mama aliyepokea. Nianze tena?"

Sorcha akamwambia hakuna mama aliyepokea. Simu ilikuwa yake mwenyewe, tena alikuwa ameishika mkononi.

Mwaka huo korona ilikuwa imewafungia watu majumbani. Polisi walisimama njia panda wakiwarudisha wasafiri, na serikali ya Ireland ikaruhusu mwanamke anayetaka kutoa mimba azungumze na daktari kwa simu, kisha apewe dawa akameze kwake. Sorcha alikuwa amehamia kwa mama yake, Attracta, kijijini Leitrim, ili bibi huyo asitoke nje. Nyumba yenyewe zamani ilikuwa posta. Kile chumba kidogo cha nyuma alichofanyia kazi ndicho kilichokuwa na mtambo wa kuunganishia simu, enzi ambazo maongezi yote ya kijiji yalipita mikononi mwa mkuu wa posta, Bi Concepta, ambaye sasa alikuwa kaburini miaka mingi.

Mama Attracta alijua mwanawe anatibu watu kwa simu. Anawatibu nini, hakuambiwa. Yeye alikuwa mtu wa rozari asubuhi na jioni, na ilipopigwa kura ya kuruhusu utoaji mimba alivaa koti lake la kanisani akaenda kupiga ya kukataa. Basi Sorcha alikuwa akifunga mlango, anaziba upenyo wa chini kwa taulo, halafu ananong'ona. Wanawake wazima na akili zao aliwanong'oneza kana kwamba wanagawana mali ya wizi. Akikata simu, haya zilimpanda hadi masikioni: haya za kumficha mama yake, na zilizomuuma zaidi, haya za kuwafanya wale wanawake nao wanong'one.

Kisha ikaja harufu ya lakiri inayoyeyuka, ile nta ya kufungia barua, nzito, iliyomkaa kooni. Ikaja na sauti ukutani, tak, tak, kama kitu kinachochomekwa na kuchomolewa. Wagonjwa wawili zaidi walimtaja yule mama. Mmoja alisema aliulizwa jina la baba yake.

Sorcha akamshuku mama yake. Walipokuwa wanakula viazi mchana alimuuliza kama huwa anasikiliza mlangoni. Mama Attracta aliweka uma chini, akauliza polepole, "Mimi, Sorcha? Nimekulea hivyo?" Hakula tena, na Sorcha akatamani ardhi immeze.

Alasiri hiyo, mvua ikinyesha, simu ikaita: alikuwa Muirne, msichana wa kiwanda cha uyoga aliyeishi na kaka yake. Alikwisha kuzungumza na daktari mara moja, akangoja siku zile sheria inazotaka, na sasa alipiga kuambiwa aje kuchukua dawa. Wiki zake zilikuwa zinaishia. Akichelewa kidogo tu, sheria ingemfungia mlango. Sorcha alikuwa hajafungua mdomo. Sauti nyingine ilitangulia, ya mwanamke mzee, ya upole.

"Muirne, binti wa Packie wa kule juu. Kaka yako anajua? Punguza sauti, nakusikia vizuri."

Msichana akakata. Sorcha alimpigia tena na tena, simu ikaita bure.

Akachukua simu ya mama yake, akapiga namba yake mwenyewe. Simu iliyokuwa mezani mbele yake haikulia, kioo chake kilibaki cheusi, lakini sikioni mwake alisikia tak, halafu pumzi, halafu harufu ya lakiri ikajaa chumba chote mpaka machozi yakamtoka, na ile sauti ikaja karibu mno, si kama inayotoka kwenye simu bali kama ya mtu aliyeinama nyuma ya bega lake, Sorcha akihisi kabisa ubaridi wa mdomo kwenye nywele zake asithubutu kugeuka.

"Umefanya vizuri kufunga mlango, Sorcha. Ungeuacha wazi, mimi ningekaa wapi?"

Alitoka mbio na kumkuta mama yake ukumbini, rozari mkononi, uso mweupe.

"Nimenusa lakiri ya posta," mama alisema. "Huyo ni Concepta. Unazungumza nini na watu humo ndani?"

Sorcha akajibu kwa kunong'ona.

"Sema kwa sauti."

"Ninawasaidia wanawake kutoa mimba, Mama."

Mama Attracta akaketi kwenye ngazi. Akaeleza jambo ambalo mwanawe hakuwahi kulisikia. Alikuwa na dada, Dympna. Dympna alishika mimba akiwa hajaolewa, akaja posta hii hii kumpigia rafiki yake aliyekuwa Liverpool, Uingereza, akinong'ona, apokewe huko na kusaidiwa. Concepta alisikiliza kila neno. Kesho yake, Dympna alipofika kituo cha basi, aliwakuta baba yao na padri wanamngoja. Alipelekwa kwa masista, kwenye jengo walikofichwa wasichana wenye mimba. Hakurudi, wala mtoto hakuonekana.

"Shuleni waliniuliza dada yako yuko wapi," alisema, bila kumtazama Sorcha. "Nikawaambia sina dada. Nimeendelea kusema hivyo mpaka leo."

Akainuka, akaingia kile chumba, akalipiga teke taulo na kusukuma dirisha juu, mvua ikaingia.

"Concepta, ni Attracta," alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Dada yangu aliitwa Dympna. Alikuwa na mimba, na alitaka kwenda Liverpool. Huna tena cha kumpelekea mtu. Nimekisema mwenyewe."

Ukuta ukalia, tak, tak, tak, mfululizo, kama nyaya nyingi zinazong'olewa kwa hasira. Kisha ikabaki mvua peke yake, na harufu ya majani mabichi.

"Kazi yako bado siipendi," mama alisema. "Lakini mpigie huyo binti." Akavaa mabuti, akaenda kusimama bandani kwa kuku, asije akasikia.

Sorcha alipiga akiwa mezani jikoni, kwa sauti yake yote. Safari hii Muirne alipokea.

"Yule mama ameshamwambia kaka yangu?"

"Hajamwambia mtu. Ameondoka. Njoo asubuhi."

Muirne alikuja, akapata dawa kabla muda haujamwishia, akalala siku mbili akisingizia tumbo, akarudi kwenye uyoga wake.

Barabara zilipofunguliwa, Mama Attracta aliomba apelekwe kwenye lile jengo la masista. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na nyuma yake kulikuwa na uwanja wa nyasi usio na jiwe hata moja lenye jina. Alishika nondo za geti, akamwita dada yake. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Akajaribu tena, na tena, mpaka mwanamume aliyekuwa akipita na mbwa wake akasimama.

"Unamwita nani, mama?"

"Dada yangu," alisema. "Nina dada."