Ute wa Mpungate

Ukungu ulishuka mlimani ukalala juu ya kijiji kama blanketi la sufu. Itto aliteka maji kisimani. Yalikuwa maangavu, wingu lilionekana ndani yake. Nyumbani, mwanawe Tuda, wa miaka mitatu, alikuwa bado amelala. Siku hizi alilala sana, na tumbo halikuacha kumuuma.

Damya, binti wa jirani aliyesomea maji chuoni, alileta majibu ya vipimo vya maji ya kisima.

"Shangazi, kisima kina risasi, ile metali yenye sumu. Inatoka kwenye mgodi ule wa zamani."

"Maji haya yanayong'aa? Na chai nachemsha mpaka birika linalia!"

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Risasi haifi, wala haionekani. Mpeleke Tuda zahanati leo. Kunyweni maji ya lori kwanza."

Ili kutengeneza kichujio cha risasi, Damya na Itto walikata majani manene ya mpungate, wakayang'oa miiba, wakayaloweka. Ute ulipotoka, waliuchanganya na unga wa mwani. Kisha waliudondosha, tone kwa tone, kwenye maji yenye chumvi ya kalisi, ambayo Damya aliileta kutoka chuoni ili kugandisha ute. Kila tone liliganda likawa punje laini, likazama polepole.

"Lulu," Itto alinong'ona.

"Lulu za makamasi, shangazi!"

Wakacheka.

Walijaza punje kwenye ndoo yenye bomba, maji yakapita taratibu. Risasi ilinasa kwenye punje. Damya aliyapima maji. Yalipokuwa salama, ndipo wakanywa. Kila wiki aliyapima tena.

Siku ya kubadilisha punje, Itto alizitia za zamani kwenye bakuli la mbuzi. Mabaki ya mpungate huliwa na mbuzi. Kila nyumba hufanya hivyo.

"Shangazi, acha!" Damya alikuja mbio. "Risasi yote imo humo! Mbuzi akila, Tuda ataikuta kwenye maziwa."

Itto alikaa chini. "Ningempa kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Hukujua. Lete pipa lenye mfuniko. Chuo kitakuja kuzichukua."

Miezi ikapita. Muuguzi alipima damu ya Tuda mara tatu, na kila mara risasi ilikuwa imepungua.

Asubuhi moja Itto alikwenda kumwamsha. Kitanda kilikuwa kitupu. Nje, ndani ya ukungu, mtoto alikuwa akicheka na kufukuza kuku.

"Tuda! Rudi uvae viatu!"

Hakurudi. Itto hakumwita tena.