Utani Ulioingia Kamusi Elezo

Kila Jumatano, kipindi cha mwisho kikiisha, Swaumu hufagia chumba cha kompyuta cha shule yao pale Ruangwa, kisha huketi mbele kabisa, karibu na Mwalimu Bilali. Klabu yao huandika kurasa za kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayosomwa na yeyote mwenye simu. Swaumu alikwisha kuandika kuhusu korosho na ufuta, na kwa insha hakuwa na mpinzani darasani.

Basi Mwalimu alipompa Bertila, mwenzao wa klabu, ukurasa wa Hajira, golikipa hodari wa timu ya wanawake, Swaumu roho ilimchoma kama aliyelamba pilipili. Hajira ni binti wa shangazi yake. Na Bertila ni nani? Wazazi wake ni wafugaji, wamehamia juzijuzi na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa.

"Mwalimu, Hajira ni dada yangu," alisema.

"Ndiyo maana sikukupa. Ndugu akimwandika ndugu, mkono huvutwa na damu." Akawakumbusha kwamba mtu aliye hai haandikwi kwa mambo ya kusikia, kila sentensi ionyeshe gazeti au kitabu ilikotoka.

Bertila alisaka magazeti, akaandika ukurasa mfupi, kila neno na chanzo chake. Mwalimu aliusoma kwa sauti na kumsifu. Swaumu alipiga makofi ya kugusagusa tu.

Likizo ikaja, na harusi ya ukoo huko Nachingwea. Hajira alikuwepo, na Bibi Mwanaima pia, mtani wao, ambaye kwenye sherehe hamsazi mtu.

"Mnamwona huyu golikipa?" Bibi alisema. "Kudaka alijifunzia kuku wa mwalimu wake. Wakamfukuza shule, kuku akabaki naye."

Hajira akajibu kwamba kuku mwenyewe aliliwa na Bibi, hata sasa unyoya umo kwenye meno yake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kila mtu wa kwetu anajua maneno ya mtani si ushahidi, wala hayanuniwi.

Swaumu alicheka pia. Lakini shule zilipofunguliwa, akawakuta wenzake bado wanamsifu Bertila, kijicho kikamshika upya. Akafungua ukurasa kwa akaunti ya klabu, ambayo wote huitumia, akaongeza: "Alifukuzwa shule ya msingi kwa wizi." Alijiambia amesikia kwa masikio yake, tena mbele za watu. Chanzo hakuweka.

Haukupita muda Hajira akafika shuleni, macho yamemvimba. Timu kubwa ya Dodoma iliyotaka kumsajili ilikuwa imeusoma ukurasa huo, na sasa viongozi wake walisema mwizi hawamtaki.

Bertila akaitwa, maana ukurasa ulikuwa wake.

"Nimekukosea nini, mdogo wangu?" Hajira alimuuliza.

Bertila alisema hajui lolote. Mwalimu akamtoa klabuni. Mtoto wa watu akachukua mfuko wake, akaondoka. Kiti kikabaki wazi. Alichokitaka Swaumu alikuwa amekipata, nacho hakikumezeka.

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Ni ule utani wa Bibi Mwanaima. Nilimwonea wivu Bertila."

Hajira alimgeukia. "Swaumu, wewe ulikuwepo. Ulinisikia nikimjibu."

Swaumu aliifuta sentensi ile mwenyewe, wote wakimwangalia. Mwalimu alimfuata Bertila nje, akamwomba radhi kwa kumhukumu kabla ya kuuliza wengine, akamrudisha kitini. Kisha akawaandikia watu wa Dodoma, na mwalimu mkuu wa zamani wa Hajira akathibitisha kwamba binti huyo alimaliza shule vizuri. Jibu lilirudi kwamba atasajiliwa.

Swaumu alisimamishwa klabu muhula mzima. Alipomwomba Bertila msamaha, Bertila alisema, "Nimekusikia. Ila moyo haujapoa bado."

Mwalimu naye akamketisha Swaumu. "Harusini Hajira alijibu palepale, utani ukaishia kwenye sahani za pilau. Lakini msomaji wa Dodoma hamjui Bibi wala utani wetu, na Hajira hakuwa mbele yake kumjibu. Mtu aliye hai analala na jina lake na kuamka nalo. Ukikosa chanzo cha kuaminika, usimwandike. Na siku wivu ukikushika, hata kama chanzo unacho, mpe mwenzako akuandikie."