Mpangaji wa Habu

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, ya njiti ya kiberiti ikivunjwa kwa vidole. Tak. Fundi Spana aliinua kichwa akaitazama baiskeli ya mdogo wake wa kike, iliyokuwa imeegemea ukuta wa karakana tangu asubuhi. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Gurudumu la nyuma lilikuwa limetulia tuli, na sauti ile aliijua vizuri: ni gia kuingia. Sasa gia gani inaingia kwenye baiskeli iliyoegemea ukuta?

Akajijibu kwamba ni chuma kinapoa, akarudi kwenye kazi yake. Spana alikuwa mtu wa aina hiyo, mwenye jibu la kila kitu, na mara nyingi jibu lenyewe lilikuwa grisi.

Baiskeli ile ilikuwa moja ya zile zinazojifanya. Ukiitazama utasema haina gia kabisa: cheni moja, hakuna waya, hakuna kijiti cha kubadilishia, nyembamba na safi kama zile za vijana wa mbio ambazo pedali zake hazikubali kusimama gurudumu likiwa linazunguka. Lakini ndani ya habu, lile tumbo la chuma katikati ya gurudumu la nyuma, zilifichwa gia mbili. Unaanza na nyepesi. Mwendo ukikolea, vyuma vidogo vinatanuka vyenyewe, tak, umeshaingia ya pili bila kugusa kitu. Ukitaka kusimama unarudisha pedali nyuma. Mdogo wake alipewa na maabara alikokuwa akifanya kazi ya kukusanya sampuli za damu kwenye zahanati, na aliipenda mno hata mama yao akaanza kuiita mkwe.

Karatasi iliyokuja nayo ilisema habu isifunguliwe, na ikibidi, itiwe matone mawili matatu ya mafuta mepesi. Spana aliisoma akacheka. Katika miaka ishirini ya ufundi hakuwahi kuona chuma kilichokufa kwa kushiba. Jumapili aliifungua habu, akakuta ndani pakavu, pasafi, pana joto kidogo kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Hilo joto lilimshangaza, lakini halikumzuia. Akashindilia grisi kwa kidole gumba mpaka isibaki nafasi ya kupitisha sindano, akafunga, akaipiga kofi. "Kula, mama," akasema.

Siku ya pili mdogo wake alikuja kulalamika.

"Kaka, haiingii ya pili tena. Ila mimi ndiyo naingia."

Alicheka aliposema hivyo, na Spana naye akacheka, kwa sababu binti huyu alikuwa na mizaha tangu utotoni. Hakuona jinsi alivyokuwa amejishika goti kwa mikono miwili.

Jumatano mchana walikuwa jikoni, mama anachambua mchele, binti anakata vitunguu. Mama akasikia tak, akadhani ni jiko. Kisha kisu kikaongeza mwendo. Hakikuongeza kidogokidogo kama mtu anayechangamka. Kiliruka kutoka mwendo mmoja hadi mwingine, hapakuwa na wa katikati.

"Taratibu mwanangu, utajikata."

"Najua, mama."

"Si uache basi?"

"Mimi nimeacha," akasema binti kwa sauti ya chini sana, akiitazama mikono yake. "Mimi nimeacha, mama."

Kisu kilikwenda mpaka vitunguu vikaisha, kikaendelea kugonga ubao mtupu. Mama alilazimika kumvuta mabega kutoka nyuma, na ni pale tu aliporudi hatua moja kinyumenyume ndipo mikono ikalegea.

Tangu siku hiyo nyumba ile haikuwa na amani. Binti alikuwa na mwendo wa aina mbili tu. Wa kwanza ulikuwa wake, wa kila siku, wenye kuburuta kandambili. Wa pili ulikuja baada ya tak, na haukuwa wake. Nywele zake zikaanza kutoa harufu ya grisi iliyoungua, harufu ambayo sabuni haikuiondoa. Ijumaa alitoka kwenda dukani hapo jirani, akasikia tak gotini, na miguu ikampitisha duka, ikampitisha zahanati, ikamvusha barabara kubwa bila kutazama kushoto wala kulia huku madereva wakimtukana, naye analia na kuomba radhi kwa kila mtu anayempita, hadi Spana alipomkuta nje kabisa ya mji, kandambili zimekatika, nyayo zimetoka malengelenge, akamkumbatia na kumrudisha nyumbani kinyumenyume, hatua kwa hatua, watu wakipiga picha. Mama akafunga mlango kwa ufunguo akautia kifuani. Binti akabaki sebuleni anaizunguka meza ya chakula. Alilala pale tu miguu ilipochoka yenyewe, na haikuchoka mara nyingi.

"Kaka," alimwambia Spana alipopita upande wake wa meza. Ikabidi asubiri mzunguko mwingine ili amalizie. "Nikienda kazini hivi nitagongwa na lori."

Alipozunguka tena: "Usinifungulie hata nikikuomba."

Spana alikwenda bafuni akafungulia bomba, akalia huko.

Jumatatu asubuhi mama alimleta mshona magodoro wa mtaa wa pili, mama mtu mzima ambaye alikuwa na kazi nyingine asiyoiwekea kibao. Spana alimwamkia shikamoo bila kumtazama machoni. Mgeni hakufukiza chochote wala hakupandisha sauti. Alivuta kiti, akaketi, akawa anamtazama binti anavyopita na kupita.

"Nani mwenzetu?" akauliza kwa upole.

Miguu ilikuwa mbioni, lakini jibu lilitoka polepole, zito, kwa sauti iliyokauka. "Mpangaji."

"Ulikuwa unakaa wapi?"

"Pakavu. Panapozunguka. Kikaja kidole gumba na uchafu, kikajaza mpaka mlangoni."

Mshona magodoro aligeuka akamtazama Spana. Spana akaficha mkono nyuma kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Fundi, umemfukuza mwenye nyumba yake."

"Mimi nilitia grisi tu, mama."

"Ndiyo. Nimesikia."

Masharti yake yalikuwa mafupi. Nyumba isafishwe, na mpangaji arudishwe akiwa katika mwendo, kwa sababu hawa wa kuzunguka hawaingii mahali palipolala. Spana aliifungua habu sebuleni, akaiosha kwa mafuta ya taa na mswaki, akaifuta, akaipuliza, akaifuta tena, vyuma vidogo vikimponyoka mara tatu. Hakuthubutu kutia hata tone moja. Kisha akaipandisha baiskeli kwenye stendi, gurudumu la nyuma likaning'inia hewani, wakamkalisha binti juu yake.

Hakuhitaji kuambiwa akanyage. Gurudumu lilivuma, spoku zikapotea machoni, ile harufu ya kuungua ikajaa sebule nzima hadi mama akafunika pua kwa kanga, na binti akiwa amefumba macho na kuuma midomo aliendelea kukanyaga, kukanyaga, mpaka tak ikasikika, na safari hii haikutoka gotini. Ilitoka chini, kwenye chuma. Miguu ya binti ikalegea, akaporomoka mikononi mwa mama yake.

"Panda wewe," mshona magodoro akamwambia Spana harakaharaka. "Lisisimame. Likisimama kabla hajazoea nyumba, atatoka, na ataingia kwa aliye karibu."

Spana alikuwa ameshashika pedali kwa mkono. Akapanda.

"Atazoea lini?"

"Mimi nashona magodoro, mwanangu. Kalenda yao siijui."

Spana hakufikiri sana. Aliwaambia watoke wote, wamfungie kwa nje, waondoke na ufunguo. Mama alikataa. Mdogo wake alikataa zaidi. Alisimama mlangoni kwa miguu iliyovimba, miguu yake mwenyewe, akasema hatoki.

"Mdogo wangu, mwenye kosa ni mimi. Nenda ukalale. Una siku ngapi hujalala?"

Ndipo akatoka. Ufunguo ukazunguka kwenye kitasa.

Alikanyaga mchana kutwa. Kila alipopunguza kidogo alisikia kitu ndani ya habu kinajigeuza, kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kulalia, akaongeza tena. Mapaja yakawaka moto, jasho likaloanisha kiti, na kilichomuumiza kuliko vyote ni kwamba hakuwa na mtu wa kumuuliza kama bado. Alasiri paja la kulia likakaza. Alirudisha pedali nyuma bila kukusudia, na gurudumu likasimama.

Alishuka. Akangoja. Kimya kilikuwa kizuri mno hata akacheka peke yake.

Baadaye kidogo mdogo wake alirudi, akagonga mlango polepole.

"Kaka? Sisikii gurudumu. Limesimama?"

"Limesimama," akasema Spana.

"Tangu saa ngapi?"

"Muda tu. Nimeshashuka."

"Amezoea?"

"Amezoea. Nenda nyumbani kwa shangazi, mdogo wangu. Mchukue na mama. Mimi nitafagia hapa, nita..."

Tak.

"...nitawafuata kesho usifungue nimekwambia usifungue nenda."

Spana alikuwa anaizunguka meza na baiskeli, anauona mlango wa sebule unakuja, unapita, unakuja, na kila ulipokuja alinyoosha mkono aushike, na kila mara miguu ilimpitisha. Alijua mdogo wake amesikia. Hapakuwa na mtu duniani aliyeijua sauti ile kuliko yeye.

"Shika ukuta, kaka," binti akasema, na sauti yake ilikuwa ya kilio. "Siwezi kukuacha humo peke yako. Mimi nimekaa humo."

Na ufunguo ukaingia kwenye kitasa.