Kitanda cha Dirishani

Ukitaka kuguna, guna sasa umalize, maana hadithi ikishaanza haitaki kukatizwa. Mmekuwa hodari wa kutoamini. Mkisikia jini mnacheka hadi magego yanaonekana. Taa ikizimika mkiwa chooni, mnatoka mbio nguo mkononi. Basi kaa hapo na usomi wako, usikie yaliyompata msomi mwenzako.

Alikuwa binti wa shahada ya pili, akisomea uongozi wa hospitali. Likizo ndefu ilipofika, chuo kikampeleka hospitali moja kubwa akajifunze kazi ofisini kwa katibu, yule anayesimamia vitanda, dawa, mishahara na mafuta ya gari la wagonjwa. Bila katibu kuandika kwamba amefanya vizuri, shahada hapati. Manesi walipoona anavyotembea na kalamu sikioni wakambandika jina: Bi Masta.

Siku moja alitumwa wodi ya wanawake kukagua vitanda. Wagonjwa walikuwa wamelala wawili wawili mzungu wa nne, wengine sakafuni, miguu yao njiani. Lakini kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu, kimetandikwa shuka jeupe, mto umeumuka kama andazi. Binti akaweka kiganja juu ya shuka, akakiondoa upesi. Lilikuwa na joto la mtu aliyeinuka punde.

"Sista, nani analala hapa?"

"Hakuna mtu."

"Na joto hili?"

"Jua la dirishani hilo, Bi Masta."

Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Akapanda ofisini na hasira zake. Katibu akamsikiliza huku akichokonoa meno.

"Kitanda kile tulikikuta hivyo," akasema. "Kinatandikwa kila asubuhi, halazwi mtu."

"Kwa nini, mzee?"

"Ndio utaratibu."

"Utaratibu wa kulaza watu sakafuni?"

Katibu akamtazama kama mchinjaji anavyomtazama mbuzi aliyenona. "Basi wewe msomi, ukiona kinafaa kitumike, kitumie. Ila iwe kauli yako, siyo yangu."

Mwenye akili angejiuliza tangu lini mkubwa akagawa madaraka bure. Binti yeye akafurahi, akadhani ameheshimiwa.

Juma lilelile mama yake mdogo akaletwa, mapafu yamejaa maji, anapumua kama mfuko uliotoboka. Huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi azikwe, akamsomesha kwa mgongo wake na kwa matusi. Walimlaza chini, karibu na mlango wa choo.

"We kitoto," akasema katikati ya kukohoa, "chuo chote kile ulichosoma, mimi nanuswa na nzi wa chooni?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akamhamishia dirishani. Manesi wakamsaidia kumbeba, wakamweka, kisha wakaondoka bila hata kumfunika. Walijua. Wote walijua, tangu sista mkuu mpaka mpiga deki, na wote wakanyamaza, maana kila mtu ana watoto wake wa kulisha.

Kesho yake homa ilikuwa imekwisha. Mama mdogo alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, na kitanda kinanuka maziwa yaliyoungua.

"Asante sana, Bi Masta," akasema.

Mama mdogo hajapata kumshukuru mtu tangu azaliwe, na jina lile la kejeli hajapata kulisikia.

"Mama mdogo, mimi ni nani?"

Yule akatabasamu tu, meno yote nje, kama mtu anayejaribu kicheko kipya mbele ya kioo.

Wageni walipotolewa baada ya chakula cha mchana, binti akabaki. Wodi ikanyamaza. Wagonjwa wote wakageukia ukutani, hata wale wa sakafuni wakajivuta na mikeka yao, na katika ukimya ule akasikia kucha zinakwaruza chuma cha kitanda, kwaru, kwaru, ilhali mikono ya mama mdogo imetulia magotini, na harufu ya maziwa ikazidi mpaka ikamkaa kooni, na ndipo kutoka kifuani mwa yule mama, mdomo ukiwa umefumbwa, ikatoka sauti ndogo, ya mbali, kama ya mtu aliyetumbukia mtungini, ikisema, "Kitoto, nitoe, pamebana humu."

Kisha mdomo ukafunguka, na sauti nyingine ikasema taratibu, "Nilipewa kitanda, mmekichukua. Sasa nimelala ndani ya huyu mliyemleta. Nionyesheni pengine nihamie."

Binti akapanda ngazi akijikwaa. Akamkuta katibu amejilaza kwenye kochi la ofisini, viatu kando, anashusha chakula, akamweleza alichokisikia.

"Kwa hiyo yule jini bado yupo," katibu akasema, wala hakuinuka. "Hospitali ilipojengwa watu walikuwa wanakufa bila ugonjwa. Wakubwa wakapatana naye, apewe kitanda kimoja, aache wodi."

"Ulijua, ukaninyamazia?"

"Ningekwambia ungeamini? Wakaguzi wananisumbua kila mwaka, kwa nini kitanda kitupu. Nikataka kujua kama ameshaondoka. Sasa nimejua."

"Kwa mama yangu?"

"Usipige kelele, binti. Dawa ipo. Kuna kikongwe pale kitanda cha kati, hana ndugu, hana wa kumuulizia. Mwonyeshe kwa kidole, useme ndiye. Atahama. Ukirudi nakuandikia sifa mpaka karatasi ijae, unakwenda na shahada yako."

Binti akasimama. Akakiona chuo, joho, miaka ya mgongo wa mama mdogo. Akamwona na kikongwe, anavyolala mdomo wazi, anaota sijui nini.

Akashuka. Alipopanda tena alikuwa amemshika mama mdogo mkono, mkono wa baridi, na yule mama anatembea kama aliyeazima miguu.

Katibu akainua kichwa. "Una wazimu? Umemleta humu?"

"Ametaka mahali pa kulala, mzee."

Akanyoosha kidole kwenye kochi. "Ndiye."

Mama mdogo akamlegea mikononi, akakohoa kikohozi kibichi cha mgonjwa wa kweli, akasema, "We kitoto, nani kanivua viatu? Mbwa nyie." Hakuna neno tamu lililowahi kumfikia binti kuliko tusi lile.

Katibu alikuwa anajaribu kuinuka. Kitu kilimlaza polepole, kama nesi anavyomlaza mgonjwa mbishi, na mito ya kochi ikabonyea pande zote mbili za mwili wake.

"Binti," akanong'ona, "barua yako... naiandika sasa hivi... usiende..."

Barua hiyo haikuandikwa, na shahada hajaipata mpaka leo. Alimzungushia mama mdogo mkono kiunoni, wakatoka, akaufunga mlango.