Mkono Mmoja Msibani Busunzu

"Kunguru ametoka Kasulu kwa pikipiki. Anakuja huko kwako. Ova."

"Amevaa nini?"

"Hatujui. Amebadilisha nguo njiani, tumempoteza. Ova."

Swaumu alisonya.

Jasusi huyo wa polisi aliiegesha Boxer yake nyuma ya migomba ya Busunzu. Akaificha Glock chini ya khanga, akapachika sikioni kipokea sauti kidogo kuliko punje ya harage, kisha akaenda kuketi mkekani pamoja na wanawake wa msiba.

Kunguru ni jina alilopewa na polisi. Mwenyewe alijiita Kamanda.

Kamanda wa nini? Wa kuvizia wauza maharage kwenye kona za barabara ya Kibondo, na silaha iliyovushwa mpakani kupitia Nyabibuye! Mama yake kule Kitanga alimwita Melkiadi. Alikaa Dar miaka michache, akarudi na miwani feki na dharau kwa kila kitu cha kwao. Hata picha yake polisi hawakuwa nayo, maana kila alikopita alijifunika uso.

Wiki iliyopita alimpiga risasi dereva wa bodaboda, Nkunzimana, kwa kuchelewa kutoa simu. Tecno yenye kioo kilichopasuka. Ndiyo ushujaa wake huo.

Lakini siku hiyo barakoa ilimponyoka, na mke wa marehemu, Theodosia, alikuwa amepakiwa nyuma. Ni yeye pekee aliyemwona uso kwa uso. Akifa yeye, na kesi imekufa.

Jana Kamanda alijigamba kwenye duka la vipuri la Khatibu, mjini Kasulu, kwamba mjane wa Busunzu atamfuata mumewe kesho yake. Mjinga haswa. Zamani Khatibu angenyamaza kwa woga. Ila polisi kata siku hizi wanakunywa chai na wananchi na kuacha namba zao kwenye kila kibanda, na majambazi wa ukanda huu wanaokotwa mmoja mmoja kama kuku wenye kideri. Khatibu alipiga simu.

"Mama Theodosia, tukutoe hapa," Swaumu alinong'ona.

"Niache matanga ya mume wangu kwa ajili ya mwizi? Oya, hapana! Siendi."

Basi.

Mlangoni mwa uzio, Leonidasi, polisi kata, alikuwa amevaa koti kuukuu na kupokea wageni kama mmoja wa wanandugu. Watu walimiminika. Makoti, kofia, barakoa za kuzuia vumbi. Swaumu hakuhangaika na nyuso.

Alitazama mikono.

Uha hapa, anayewapa pole wafiwa huchuchumaa na kupiga makofi taratibu, viganja vyote viwili. Mzee hufanya hivyo. Hata mlevi hufanya hivyo.

Akaingia mwanamume mrefu mwenye barakoa.

"Mwakeye," alisalimu kwa Kiha, akiinua mkono wa kushoto kama anayesimamisha basi. Wa kulia ulibaki ndani ya koti.

"Mwakeye, mgeni," Leonidasi alijibu. "Mbona hupigi makofi?"

"Aa, mshua, mambo ya kishamba hayo. Mjane yuko wapi?"

"Leonidasi, ni huyo!" Swaumu alisema.

Bastola ilichomoka. Chupa ya chai aliyoirusha Swaumu kutoka mkekani ikaiwahi.

Kamanda alipiga yowe, chai ya moto usoni. Risasi ikaishia kwenye mgomba. Teke la Swaumu likaidondosha bastola, na Leonidasi akamkalia mgongoni kwa uzito wote wa ugali wa msibani. Barakoa ikatoka.

Theodosia alisogea, akamtazama.

"Ni yeye."

"Nisamehe, mama, nilitumwa!"

"Nani akutume wewe?" Swaumu alimuuliza kwa kinyaa. Akamfunga pingu kwa mbele, viganja vikakutana. "Haya, Kamanda. Mikono yote miwili ipo sasa. Wape pole wafiwa."

Melkiadi akachuchumaa. Akapiga makofi, pingu zikilia.

"Mwakeye," alisema kwa sauti ndogo.

Uwanja mzima ulimgeukia Theodosia. Huku salamu haiachwi hewani. Hata mtu mliyegombana naye utamjibu.

Theodosia alimgeuzia mgongo, akarudi mkekani kumlilia mumewe.

Swaumu alikung'uta khanga yake, akatembea taratibu hadi kwenye migomba, akaiwasha Boxer. Redio ikakoroma.

"Kunguru vipi? Amejeruhiwa? Ova."

"Mzima. Hajajibiwa salamu tu. Ova."