Mfuko wa Waliojitosa

Mfuko wa sadaka ulipotea watu wakiwa bwawani, na kabla jua halijapanda vizuri Khamisi mlinzi alikuwa amekwisha fungwa kamba mikononi.

Ulikuwa Julai, baridi ya Dodoma ile ya kupasua midomo, mwaka mmoja tangu Wajerumani wafikishe reli. Padre alikuwa amewaeleza watu kwamba kwao Ulaya hujitosa kwenye maji ya baridi ili wenye nacho wacheke, kisha watoe. Basi wafanyabiashara na makarani wakatoa rupia tangu jana yake, kila mmoja kwa jina la mtu atakayezama hadi utosini, zisaidie wajane na nyumba zilizopigwa na njaa. Asiye na fedha alitoa alicho nacho. Vyote vilitiwa kwenye mfuko wa turubai, ukapigwa lakiri, ukawekwa kwenye kasha bandani, katikati ya magunia ya unga.

Bwana wa boma alisema mfuko usipoonekana kufikia saa sita, Khamisi atakula viboko ishirini na tano. Upelelezi akapewa Shaushi Mustapha, sajini wa askari wa boma, mtu wa Kondoa, ambaye hakuwa amemwona mkewe Batuli kwa mavuno mawili.

Shaushi aliinama juu ya kasha. Unga ulikuwa umemwagika kwenye kifuniko, na juu ya unga palikuwa na alama ya kiganja, chembamba, kila mstari unasomeka.

"Weka mkono wako hapa pembeni," alimwambia Khamisi.

"Huu, Afande? Huu ni koleo. Ungeacha shimo."

Ilikuwa kweli. Kiganja kile kilikuwa cha mwanamke, na wanawake sita walikuwa wamebadilishia nguo mle bandani. Shaushi akamwita mmoja wao, akamwomba aguse unga. Mkono ulitoka na bonge, kwa kuwa ulikuwa umepakwa samli na udongo mwekundu kuzuia baridi. Wote walipakwa, alisema yule mwanamke, na aliyewapaka ni mama Dorkasi.

Mama Dorkasi alikuwa akiota moto nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kujitosa, umechelewa."

"Katika wale sita, nani hukumpaka?"

Mama akachochea moto kwanza. "Raheli. Mumewe Yotham yuko safarini. Mke anayengoja hapaki mafuta. Kwenu hawakukufundisha?"

Alifundishwa. Watu waliotoka Kondoa walikuwa wamemwambia kuwa ngozi ya Batuli imepauka kama jivu. Shaushi akashukuru, akaenda Miyuji nyumbani kwa Raheli, na njia nzima alimwomba Mungu awe amekosea.

Raheli hakukana. Mfuko ulikuwa chini ya mabua, lakiri imevunjwa, fedha zote zimo. Shaushi akampa askari wake aukimbize boma, Khamisi afunguliwe.

"Umechukua nini?"

Akafumbua mkono. Kikuku cha shaba, chenye chale tatu.

"Nilizikata mimi, siku Yotham alipobebeshwa mizigo ya kwenda Tabora. Jana nimemwona Bartolomayo, mpagazi aliyeondoka naye, akikitia kwenye mfuko wa sadaka. Nilimwita, akanikimbia. Nikamwomba karani anionyeshe tu, akasema sadaka ikishapigwa lakiri ni ya Mungu."

"Kwa nini mfuko mzima?"

"Nilisikia miguu ya watu, na fundo limekataa. Nikaupenyeza nyuma ya banda, nikaenda kujitosa. Nisingejitosa, aliyetoa kwa jina langu angedai chake, na watoto wa watu wangelala njaa. Ningeurudisha Jumapili." Akamtazama. "Miaka miwili, Shaushi. Nilitaka kujua tu."

Shaushi angeweza kumpeleka boma hapo hapo. Alituma aitwe Bartolomayo.

Bartolomayo alikiona kikuku, akakaa chini vumbini bila kuambiwa. Alieleza yote mwenyewe. Walibeba mizigo pamoja. Homa ilimshika Yotham walipopita Kilimatinde, siku ya nne akafa, wakamfukia kwa mawe.

"Alinipa nikuletee," alisema. "Nimefika mara tatu, dada yangu. Kila nikifika nakukuta unafagia njia atakayorudia. Nikarudi. Halafu nikasikia sadaka hii ni ya wajane. Nikasema nikitie humo, kitakufikia chenyewe, mdomo wangu usiseme."

Raheli alikigeuza kikuku kiganjani. Hakulia.

"Alisema nini?"

"Dada..."

"Nakuuliza alisema nini."

"Alisema, mwambie asiningoje."

Raheli alikivaa kikuku. Kilikuwa kikubwa mno, kikateleza mpaka kiwikoni.

"Yeye aliniachia niende," alisema. "Wewe ndiye uliyenifunga."